Pumzi ya Kutembea na Pumzi ya Salamu

Wapendwa wa usharika, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia ili tuokoe muda. Nitasema polepole, na katikati nitanyamaza. Nikinyamaza msidhani nimesahau, wala msipige makofi mkidhani nimemaliza. Navuta pumzi tu.

Mnanijua. Wengi wenu mmekula wali wangu pale Makambako mjini nilipokuwa mama ntilie. Miaka yote ile nilipika kwa kuni, ndani ya kibanda nilichokiziba kwa mabati pande zote kwa ajili ya baridi yetu hii. Sigara sijavuta hata siku moja, moshi ulinifuata wenyewe. Kikaanza kikohozi, kifua kikafuata kubana, mwisho nikawa naenda chooni narudi natweta kama nimebeba gunia la viazi. Watu wakanong'ona kwamba ni TB. Nikapimwa, siyo. Daktari kule Njombe akaniambia mapafu yamechakaa kwa moshi na hayatakuwa mapya tena, lakini ipo dawa ya kuvuta kwa mdomo, nikae mbali na moshi, na nitembee nje kila siku.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, la dawa nilirudi nalo nyumbani. Hayo mengine niliyaacha kule kule hospitali. Mgonjwa wa kifua atembee nje, mwezi wa saba, kwenye baridi ya huku? Mkwe wangu ninayeishi naye, ambaye ananipenda kuliko ninavyostahili, alinitandikia jikoni karibu na moto, akanifunika mablanketi. Sikuruhusiwa kuinua hata kikombe. Kila mgeni aliyekuja kunijulia hali alisukumia kuni ndani ili bibi apate joto. Mlinipenda sana jamani, nusura mniue.

Miguu ikaisha nguvu. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam akapiga simu, akasema baada ya mavuno anakuja kunichukua nikaishi kwenye joto. Nililia. Nyumba ile niliijenga na marehemu mume wangu, na yeye amelala pale pale, nyuma ya miparachichi. Nilitaka kuzeekea pale. Lakini mtu asiyeweza kufika getini kwake atabishana na nani?

Niliporudi kliniki, binti wa mazoezi ya viungo aliniuliza kama natembea. Nikamwambia baridi inanikataza. Akacheka, akanifunga skafu puani na mdomoni, akanitoa nje yeye mwenyewe. Akanifundisha kuingiza hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza chai ya moto. Akasema kuhema ukitembea si kufa. Unahema, unasimama, unapumzika, unaendelea. Ila kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, uache hapo hapo na uje hospitali.

Basi nikaanza. Nikakutana na jambo ambalo binti yule hakunifundisha, nalo ni salamu. Huku kwetu mnakujua. Mtu akikwambia kamwene, huitikii ukapita. Unaulizwa umeamkaje, watoto wanaendeleaje, mahindi, ng'ombe, na wewe unauliza vivyo hivyo. Mimi pumzi niliyokuwa nayo ilitosha kutembea au kusalimia, siyo vyote viwili. Nikachagua kutembea. Nikawa napita nimeinama, mdomo nimeubana. Haikuisha wiki, nikasikia kwamba nina maringo kwa sababu naenda kuishi Dar. Wengine mliosema hivyo mko humu ndani, wala sitawatazama. Niliumia, nikarudi jikoni kwenye moto wangu.

Aliyenitoa tena ni jirani yangu mmoja, na alikuja kwa ugomvi. Nilikuwa nimempita njiani bila neno, yeye ambaye tumelea watoto pamoja. Aliingia jikoni amefura. Kabla hajafika mbali na maneno yake moshi ukamwingia machoni, akaanza kukohoa. Akasema tutoke nje tugombane vizuri. Tukatoka, yeye mbele anasema, mimi nyuma nafuata. Kufika kwenye uzio nikashika nguzo. Akageuka akanikuta nimebana midomo, napuliza ile chai isiyokuwepo.

"Kumbe ni pumzi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Kisha akasema, "Basi wewe tembea. Mdomo nitakuwa mimi."

Kuanzia kesho yake alinipitia kila siku jua likishapasha. Tukikutana na watu anawaambia, mama anawasalimu, mama ameamka vizuri, mahindi ya mama yanaendelea. Mengine alijitungia, nikajikuta nina ng'ombe nisio nao, na kucheka siwezi. Mwanzoni tuliishia getini, baadaye dukani, baadaye mtoni na kurudi. Mkwe wangu naye akanihamishia chumba kisicho na moshi. Siku moja tukapanda kilima hiki, kwa kusimamasimama, mpaka mlango wa kanisa hili.

Baada ya mavuno mwanangu akaja na gari, akakuta nyumba tupu, mkwe wangu akiwa sokoni. Akatoka mbio kunitafuta, akatukuta barabarani tunarudi. Akashuka akatembea na sisi hadi nyumbani, na aliyehema zaidi alikuwa yeye, maana Dar wanakaa tu. Mizigo yangu ilikuwa imefungwa tayari. Hakuigusa. Akasema, "Mama, baki. Nitakuwa nakuja mimi."

Wapendwa, sijapona. Zipo siku kifua kinabana nikashinda ndani, na dawa yangu iko mfukoni hapa. Lakini naishi kwangu. Namshukuru daktari, namshukuru binti yule, namshukuru mkwe wangu. Jirani yangu simtaji, nikimtaja atasimama aanze kunisemea. Kama una mgonjwa wa kifua nyumbani, mtoe kwenye moshi, muulize mtaalamu, kisha mtembee naye. Ukimkuta njiani mpungie mkono, inatosha.

Na siku ya kuchukuliwa itakuja, hilo najua. Anayekuja kunichukua, awe mwanangu au awe Bwana mwenyewe, asinitafute jikoni. Anitafute barabarani.