Kitenge cha Odette na Wavu Wangu Mtupu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wanaopenda kupiga makofi wapige sasa hivi, maana nikishaanza kusimulia, maneno yangu hayatakuwa ya kupigiwa makofi mpaka tufike mwisho.

Mimi ni Ngoy, mvuvi. Wengi mnanijua kwa sauti yangu pale soko la Kashikishi. Miaka mingi iliyopita nilivuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, pamoja na mke wangu Odette, binti yetu Alisi mgongoni kwa mama yake, na wavu mmoja wenye matundu. Odette yuko pale, benchi la tatu, amevaa kitenge cha kijani chenye samaki wa njano. Mtazameni vizuri, na kitenge chake mkitazame. Nina sababu.

Nilikuwa mtu wa kanisa hata wakati ule. Nilikuwa napanga viti, nashika kikapu cha sadaka, naimba besi. Lakini ndani yangu nilikuwa nimebeba mambo mawili ya wazee wetu wa ziwani, na sikuwahi kuyaleta mbele za Mungu. La kwanza: wavu ukitoka mtupu siku nyingi, mke wa mvuvi ana mwanaume mwingine. La pili: mvuvi hasikii habari ya damu ya uzazi, maana itaharibu samaki wake. Hilo la pili nilikuwa mkali nalo kupita kiasi. Siku moja jirani alitaja mbele yangu kwamba dada yake amejifungua, nikatupa kafi chini, nikarudi nyumbani, sikwenda ziwani. Tangu hapo pwani nzima ikajua: mbele ya Ngoy habari ya uzazi haitajwi. Ndugu zangu, nilijifungia mlango mwenyewe kisha nikalalamika kwamba kuna giza.

Basi ikatokea msiba kwetu Pweto. Nilivuka, nikakaa huko majuma mawili. Nyavu nilimwachia Kalenga, mwenzangu wa bwato moja, yaani mtumbwi mmoja, mtu niliyekula naye ugali sahani moja miaka sita. Niliporudi, tulitega jioni, tukaenda kuinua asubuhi. Wavu mtupu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu tulipata kambale mmoja mdogo, naye nadhani alipotea njia tu.

Kalenga alitikisa kichwa, akasema taratibu, akiniita kaka kwa lugha ya kwetu, "Yaya, wavu haidanganyake. Mie sisemi kitu. Lakini uangalie mu nyumba yako."

Nikamwambia, "Sema yote, Kalenga."

"Hapana, yaya. Mie niko mutu wa amani. Sitaki kuvunja nyumba ya mutu."

Mnaona ujanja huo? Kama angesema yote ningeweza kumpinga. Alisema nusu, nusu nyingine nikaimalizia mwenyewe, na mimi nikapika vibaya kuliko yeye. Kila siku wavu mtupu, na kila siku neno moja dogo. Mara, Odette anapanda sana bwato la Musonda. Huyo Musonda ni kijana wa Kibemba mwenye bwato la injini, anayebeba wamama kwenda kisiwani Chisenga kununua chisense, wale dagaa wetu. Mara, Musonda hamwachi Odette asimame akisubiri. Mwisho, Kalenga akaniletea kitu ndani ya mfuko mweusi. Nikafungua. Kitenge cha kijani, samaki wa njano. Nilikinunua mimi mwenyewe Alisi alipobatizwa.

"Nilikitoa mu bwato ya Musonda," alisema. "Ilikuwa chini ya kiti. Yaya, usiulize bibi yako. Mwanamuke akiulizwa, analia tu."

Sikuuliza. Ndugu zangu, hapo ndipo dhambi yangu ilipo, msiitafute mahali pengine. Odette alikuwa na ulimi na mimi nilikuwa na masikio. Siku niliyorudi kutoka msibani alianza kuniambia, "Papa Alisi, wakati haukukuwa hapa, kuko kintu ilitufikia mu mayi, mu ziwa..." Kisha akanyamaza, akageukia sufuria yake. Kabla Kalenga hajasema kitu, niliona ni uchovu. Baada ya Kalenga kusema, kunyamaza kule kukawa ushahidi. Nikakiweka kile kitenge chini ya nyavu za zamani, nikaacha kula chakula chake.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi. Kanisa lilikuwa linaandaa siku ya familia, na Mwalimu Désiré, mzee wetu aliyefundisha shule Kongo, akasema tufanye mchezo wa kuigiza. Alikuwa amesoma kwa mapadri hadithi moja ya zamani sana ya Ulaya, ya mkuu wa jeshi, mtu mweusi katika nchi ya wazungu, aliyempenda mkewe kisha akamuua kwa sababu ya leso na maneno ya msaidizi wake. Mwalimu aliigeuza iwe yetu. Mkuu wa jeshi akawa mwenye mabwato. Kisiwa cha ng'ambo kikawa Chisenga. Leso ikawa kitenge, kwa sababu, alisema, watu wa nyuma hawataiona leso. Na mwisho, ambapo mume anamuua mke kitandani, akauhamishia ziwani, maana kitanda mbele ya kanisa hakifai. Benchi likawa bwato.

Kisha akanitazama. "Papa Ngoy, weye uko na sauti. Utakuwa bwana."

Mngecheka, kama haingekuwa hivyo kweli. Mwalimu hakujua kitu. Majuma manne nilijifunza kuwa mume mwenye wivu, mimi niliyekuwa nimeshafuzu. Kalenga hakupewa nafasi katika mchezo. Hakuihitaji, alikuwa anacheza ya kwake bwatoni kila asubuhi. Mwalimu alitueleza, "Adui wa mchezo huu hana panga. Ana mdomo tu, panga analishika bwana." Wenzangu waliitikia kwa kichwa. Mimi nilisikia neno panga, nikaliacha neno mdomo.

Na hapa naona aibu, lakini nitasema, kwa kuwa Odette mwenyewe alisema niseme. Mistari ile ilianza kunifundisha. Nilipokaa kwenye benchi na dada Agnès aliyeigiza mke, nikamwambia, "Twende katikati ya maji, huko hakuna jirani," nilianza kuwaza kwamba kweli hakuna jirani. Odette hajui kuogelea. Ziwa hili linachukua watu kila mwaka, na kila mara tunalia, tunazika, tunasema ni upepo. Nilimwambia Odette kwamba Jumatatu, siku moja baada ya mchezo, tutakwenda pamoja Chisenga. Alifurahi, maskini. Alidhani moyo wangu umerudi. Nilikuwa nimepanga kwamba Jumatatu ile nitarudi peke yangu.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada watu walijaa uwanjani, jua likiwaka, wamama mbele kwenye mikeka, watoto juu ya ukuta. Kwa mchezo tulihitaji kitenge. Mwalimu aliniambia nilete chochote kutoka nyumbani. Nilileta kile. Nilitaka Odette akione mkononi mwangu, nione uso wake. Ndivyo roho ya wivu ilivyo, inataka kuonea huku inatazama.

Tukafika mwisho. Agnès amekaa kwenye benchi, mimi nimesimama juu yake. Nikakiinua kitenge mikono miwili, nikapaza sauti ya soko, "Hiki kilitoka wapi? Kilionekana ndani ya bwato la mwanaume!"

Kabla Agnès hajajibu mstari wake, mama mmoja mzee akasimama kwenye mkeka wa mbele. Ni Bana Musonda, mama yake Musonda, mama wa Kibemba ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki.

"Awe!" akasema. Hapana, enyi watu! "Awe, mwe bantu! Ile kitenge najua mie. Ile iko ya Odette. Ilifunika mujukulu wangu!"

Watu wakacheka, wakidhani mama ameingia kwenye mchezo. Lakini yeye alikuja mpaka kwenye benchi, akakishika kitenge, akanitazama machoni. Akaniambia mambo ambayo pwani nzima ilikuwa inayajua isipokuwa mimi. Wakati niko Pweto, Musonda alikuwa anamleta mkewe kutoka kisiwani kwenda kituo cha afya, na uchungu ukamshika katikati ya ziwa. Odette alikuwa ndani ya bwato lile na magunia yake ya chisense. Wamama wengine walianza kulia. Odette alipiga magoti ndani ya maji yaliyoingia bwatoni, akampokea mtoto kwa mikono yake, akavua kitenge chake akamfunika. Mke wa Musonda alikifua, akakiweka chini ya kiti cha bwato ili mumewe akirudishe. Kikapotea.

"Hatukukuambia," mama akasema, "juu ya miiko yako ya damu."

Nilitafuta uso wa Odette katikati ya watu. Alikuwa amesimama. Alikuwa amekielewa kitenge, na nadhani wakati ule ule alielewa Jumatatu. Nikaanguka chini, ndugu zangu. Haikuwa katika mchezo. Mwalimu aliita, "Papa Ngoy, mustari!" Mimi nilikuwa sina mstari tena. Nililia kama mtoto, nikamwita Bwana Yesu kwa sauti yangu yote ya Kashikishi. Mchungaji alikuja, akaniwekea mikono, na mbele ya kanisa lote kile kitu kilichokuwa kimenishika majuma yote yale kikaachia. Haleluya! Kikaachia!

Halafu Musonda, ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa salamu, akauliza jambo moja. "Ba Ngoy, muliacha kuuza Kashikishi? Maana Kalenga namuonaka ku soko ya Mununga na masamaki, asubui." Asubuhi zile zile za wavu mtupu. Kalenga alikuwa anainua nyavu zangu kabla sijaamka, kisha ananipeleka nikaone utupu. Wavu haukudanganya. Aliyeutafsiri ndiye aliyedanganya. Tulipogeuka kumtafuta, Kalenga hakuwepo. Nimemsamehe, ingawa sikumrudisha bwatoni, na Mchungaji anasema hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Siku ile ile, mbele ya Mchungaji, nilimwambia Odette nilichokuwa nimepanga. Hakulia. Alichukua watoto, akaenda kukaa kwa Mchungaji mwezi mzima. Nilisema ni haki yake. Nilikwenda kila jioni kukaa nje ya uzio, nikizungumza naye akiwa ndani, nikimuuliza maswali ambayo sikumuuliza miaka yote. Mtoto alitoka vipi? Uliogopa? Akanijibu yote, na damu yote ya uzazi ule niliisikia, na kesho yake nikatega, na wavu ukaja umejaa hadi nikaomba msaada kuuvuta! Miiko yangu ikazama humo humo ziwani, wala sijaitafuta.

Kisha Jumatatu moja asubuhi, nikiwa pwani natoa maji bwatoni, Odette akaja. Alikuwa amevaa kitenge hiki mnachokiona.

"Papa Alisi," akasema, "twende ku Chisenga, vile ulisema. Lakini kafi nitashika mie."

Nikakaa mbele, mgongo wangu kwake. Yeye akapiga kafi. Tulipofika katikati ya maji, pale pasipo na jirani, aliacha kupiga kafi muda mrefu, na mimi sikugeuka. Nilisikia maji tu. Nilijua nimestahili lolote. Kisha kafi likaanza tena.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa. Na wewe uliyekaa hapa na neno la nusu uliloletewa na mtu wa amani, njoo mbele tukuombee, halafu leo hii nenda nyumbani, ukamuulize. Mwamini Mungu kiasi cha kuuliza. Mimi nilikuwa nimepanga kurudi mmoja, na jioni ile, kwa neema ya Bwana, tulirudi wawili, na aliyenirudisha ni Odette.