Lori Lililongoja Vumbi Litulie

"Hivi, mama Zamda, mumeo analiendesha lile lori au analichunga?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo liliulizwa mwaka sitini na nane, katika kijiji cha Kwemkuyu, huku kwetu Handeni. Aliyeuliza ni Elina, jirani. Aliyeulizwa ni Mwantumu, mke wa dereva. Walikuwa uani wanapepeta mahindi. Mwantumu akajibu, "Analichunga, mwenzangu. Jioni atalikamua." Wakacheka mpaka mahindi yakamwagika.

Leo Mwantumu hacheki. Halii pia. Yumo ndani, amekaa eda, amevaa nguo nyeupe, na macho yake yako kwenye msumari mmoja ukutani. Msumari huo ulikuwa wa kutundikia ufunguo wa lori. Hauna kitu tangu mwaka sabini na nne.

Tunamkumbuka Mzee Mhina Sadala, dereva. Amefariki Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake Kwemkuyu. Narudia kwa mliosogea karibu na redio sasa hivi: ni Mzee Mhina Sadala, dereva wa lori la kijiji cha Kwemkuyu, aliyekuwa akienda Korogwe na kurudi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka ambao wazee wanauita wa nzige. Kijana Mhina alikwenda Ngombezi kukata mkonge. Huko ndiko alikojifunza gari. Alianza kwa kuosha magurudumu, akaja kufunga boliti, mwisho akakaa kwenye usukani. Na alipokaa, wasikilizaji, alikimbia. Msishangae. Huyo mliyemjua kwa mwendo wa ng'ombe alikuwa akikimbia kuliko wote pale kambini.

Siku moja baba yake alifunga safari kwa miguu kutoka Handeni kwenda kumtazama mwanawe. Alifika kambini jioni. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi makatambuga. Nyusi nyekundu, ndevu nyekundu, hata mate mekundu. Mhina akaruka. "Baba! Nani amekufanya hivi?"

Mzee akakaa chini, akafuta macho kwa pindo la kanzu.

"Wewe," akasema. "Nilikupungia mkono, ukapita."

Akaomba maji ya kunywa.

Mwantumu anasema mumewe alimsimulia jambo hilo mara moja tu, wiki ya harusi yao, na hakulirudia tena. Lakini kuanzia siku ile ya baba yake, mguu wake ulibadilika. Akimwona mtu wa miguu mbele, aliuondoa kwenye mafuta. Akimwona mtu mzima, alisimama kabisa. Alingoja vumbi litulie. Kisha alitoa kichwa dirishani. "Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Akijibiwa, alitia gia, akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka chumba alimolala mgonjwa.

"Huwezi kumwamkia mtu huku unamjaza mchanga machoni," alikuwa akisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake.

Mwaka wa Uhuru alibeba watu wa Kwemkuyu kwa lori la shamba la mkonge kwenda Korogwe kwenye sherehe. Waliondoka alfajiri wakiimba. Njiani wazee walikuwa wengi siku ile, na kila mzee alisalimiwa. Bwana Mwinjuma, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kijiji, alikuwamo ndani ya lori. Ameniambia, "Tulifika watu wanafunga ngoma zao. Bendera tuliikuta imeshazoea upepo." Akacheka kidogo.

Ujamaa ulipokuja, kijiji kikapata lori lake. Lilikuwa Bedifodi la buluu, kuukuu, bomba la moshi limetoboka, likienda linakohoa. Mhina akakabidhiwa ufunguo. Lilibeba mahindi, machungwa, wagonjwa na maharusi. Na watu wa njia ile wakaujua mlio wake. Akina mama wenye ndoo vichwani hawakutoka barabarani. Walikisikia kikohozi chake nyuma yao, wakasema, "Huyo ni Mhina," wakaendelea na mazungumzo yao katikati ya njia. Naye aliwafuata polepole mpaka wafike kwenye njia panda yao.

Lishikeni hilo, wasikilizaji. Watu hawakutoka barabarani. Walizoea kungojwa.

Elina, yule jirani, ana kijana wake, jina lake Yordani. Familia yao ilishuka kutoka Mpale, milimani, wakati wa kuanzisha kijiji cha ujamaa. Yordani alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, akarudi mwaka sabini na tatu na leseni mfukoni. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita Mhina baba. Alipanda naye lori mara nyingi, na kila liliposimama, goti lake lilicheza.

"Baba, huyu naye tunamsimamia? Huyu si mzee. Ana ndevu tu."

"Ndevu zinaingia vumbi vilevile, mwanangu."

Mwaka sabini na nne machungwa ya kijiji yalichelewa treni pale Korogwe. Behewa liliondoka, machungwa yakaozea stesheni. Nyuki walijua, inzi walijua, na wilaya ikajua. Mkutano ukaitishwa. Yordani alisimama. Akamgeukia Mhina, akasema.

"Baba Mhina, samahani. Nchi inakimbia. Sisi tunasalimia."

Vijana wakapiga makofi. Mhina akauliza, "Na wanaotembea kwa miguu, hao ni wa nchi gani?"

Wazee wakacheka. Lakini machungwa yalikuwa yameoza kweli, na Mhina alikuwa amefika miaka sitini na miwili. Mwenyekiti Mwinjuma akasema ufunguo uende kwa kijana. Mhina hakubisha. Aliomba jambo moja tu. Aliomba wiki moja kabla lori halijatoka na dereva mpya, apite njia nzima kwa miguu, awaambie watu kwamba Mhina hayumo tena.

"Wataona wenyewe," alijibu mwenyekiti. "Wana macho."

Mhina akaenda nyumbani. Akautoa ufunguo kwenye msumari. Akampa Yordani mkononi, kwa mkono wa kulia. Kisha akakaa kitandani na viatu vyake. Mwantumu alimletea chai, ikapoa. Alimletea tena, ikapoa. Siku ya kwanza lori lilipita likikohoa, upesi. Siku ya pili likapita. Mhina aligeukia ukutani.

"Wametaka mbio," akamwambia mkewe. "Waache wakimbie."

Siku ya tatu Bibi Mashavu alikuwa akirudi nyumbani na mzigo wa miyaa kichwani, ya kusukia mikeka. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini. Alitembea katikati ya barabara, mahali ambapo ardhi ni laini kwa miguu. Lori lilimjia kwa nyuma. Yordani alipiga honi. Waliokaa nyuma ya lori, juu ya magunia ya mahindi, waliona yote. Wanasema bibi hakugeuka. Aliinua mkono. Aliinua mkono kuitikia salamu, kama siku zote.

Alifia palepale. Mungu amrehemu na yeye.

Wasikilizaji wapendwa, sitasimulia zaidi ya hapo. Watoto wake wananisikia.

Yordani alikwenda mwenyewe polisi Korogwe, akasema kila kitu. Alifungwa mwaka mmoja na nusu. Wazazi wake walirudi Mpale. Elina alikuja kumuaga Mwantumu, wakashikana mikono mlangoni. Ungo wa Elina ulibaki kwa Mwantumu. Upo mpaka leo.

Kijiji kikamletea Mhina ufunguo. Aliutazama, akaurudisha kwa mwenyekiti. Kesho yake asubuhi akavaa makatambuga, akatoka. Alikwenda mpaka kwenye karavati la njia ya Korogwe, akarudi. Kila aliyemkuta katikati ya njia alimwambia, "Toka barabarani, ndugu yangu. Ukisikia gari, toka. Hata likikohoa, toka. Mhina hayumo."

Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka minne. Mvua, jua, Ramadhani. Narudia: miaka minne. Wanawake waliomjua tangu ni mabinti walisogea pembeni wakimtazama kwa huruma. Watu walimwona mzee ameanza kurukwa na akili. Baadhi ya madereva wa siku hizi walipita wakimpigia honi na kumcheka: "Wewe mzee, wewe ni alama ya barabarani?" Naye aliinamisha kichwa mpaka vumbi lipite.

Binti yake, Zamda, anasema, "Baba alikuwa anarudi mwekundu. Mimi namtekea maji ya kunawa."

Mwezi uliopita miguu ilivimba, akalala. Akamwita Mwantumu, akampa neno la kumfikishia mtu mmoja. Akamfanya alirudie mara mbili, kama unavyomfunza mtoto sura fupi. Mwantumu akalirudia. Akamuuliza, "Kwa nini usimwite umwambie mwenyewe?" Mhina akasema, "Yule bibi alinipungia mkono mimi, nikashindwa kusimama. Sina uso wa kumwita." Tangu hapo Mwantumu akawa na neno hilo kifuani. Alipika nalo, alisali nalo. Mume wake alipokata roho, jambo la kwanza aliloshika ni hilo, asije akalisahau. Machozi, anasema, atayatafuta baadaye.

Kwa Mama Mwantumu, kwa Zamda na wadogo zake, kwa ukoo wote wa Sadala hapo Kwemkuyu na jamaa walioko Kerenge na Ngombezi: poleni sana. Kwa watoto wa Bibi Mashavu, poleni tena, maana msiba huu umekifungua na kile kidonda chenu. Mwenyezi Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki, tufikiri. Nyinyi vijana mlioshika usukani, mtu aliye mbele yenu amezoea mwendo wa mtu mwingine, si wenu. Na sisi watu wazima tunaponyang'anywa kazi tuliyoijua, tusisuse. Kuna jambo tunalijua sisi peke yetu. Tukinyamaza nalo kwa hasira, litampata mtu ambaye hakuwamo kwenye mkutano.

Kabla hamjazima redio zenu, Mama Mwantumu ameniruhusu niwaeleze jambo moja zaidi.

Siku ya tatu ya msiba wanaume walikuwa nje kwenye majamvi, wameshamaliza kusoma khitma. Akaja mtu kwa miguu kutoka upande wa Korogwe. Alitembea pembeni, majanini, si barabarani. Alikuwa Yordani. Ameshuka kutoka Mpale, ambako analima, na tangu atoke gerezani hajapanda gari. Alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Mwenyekiti Mwinjuma akainuka, akampa nafasi yake, lakini Yordani hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa wafiwa.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Zamda alikuwa amekaa karibu na mama yake, na wanawake wengine wamejaa mkekani. Yordani aliingia hatua moja, akachuchumaa pale penye kizingiti. Hakumtazama Mwantumu usoni, kwa heshima ya eda. Aliutazama ule msumari.

"Nilipiga honi, mama."

"Najua."

"Nilipiga mara tatu."

"Najua, Yordani. Mzee ameacha neno lako. Nisikilize vizuri, kwa sababu nitalisema kama alivyolisema."

Akavuta pumzi. Wanawake wakaacha kusogeza vikombe.

"Amesema: 'Ile wiki niliyoiomba walininyima, lakini njia hawakuninyima. Barabara ilikuwa wazi, na miguu nilikuwa nayo. Nilikaa kitandani siku tatu nimekasirika. Mwambie Yordani tulikuwa wawili kwenye lile lori.'"

Nje kulikuwa na mtu anakohoa.

Zamda akamimina maji katika kata, akampelekea. Yordani akayapokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Aliyamimina kidogo kiganjani, akapangusa macho, vumbi likashuka mashavuni likiwa tope. Akaiweka kata chini polepole, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu hawezi kuikanyaga.

Mwantumu akangoja. Zamda akangoja.

Yordani akasimama, akainua mkono kama anayeitikia salamu, akatoka mlangoni, akaenda zake kwa pembeni, majanini.