Taa za Lango Kuu

Treni ilikwenda taratibu, bibi amelibana godoro la mjukuu wake kwa magoti. Binti huyo, aliyekuwa anaanza chuo siku hiyo, alimsinzilia begani. Kwenye kiti cha mbele walikaa makamu mkuu wa chuo hichohicho na mama mlezi wa wanafunzi, wakiongea kana kwamba wamekodi behewa zima.

"Taa za njia ya mabweni zing'olewe, zifungwe kwenye lango kuu," alisema makamu. "Wazazi wanapita langoni, mama. Wakikuta giza watageuza na watoto wao."

"Na yule msichana aliyevamiwa njiani? Bado yuko hospitali, mzee."

"Usinitie ubaya. Bajeti ni shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu nje."

"Na miguu siku zote ni ya wanafunzi."

Makamu akacheka kidogo, kwa adabu.

Treni iliposimama, alimwona bibi akihangaika, akashika ncha ya godoro amsaidie. "Karibu chuoni kwetu, bibi."

Binti akafumbua macho. "Tushuke, bibi?"

Bibi alikuwa ameikamata ncha ya pili. Hakuivuta, wala hakuiachia.