Mistari Mia kwa Mkono wa Kushoto

Kijiwe cha kahawa cha Majidi kipo Kanyenye, mjini Tabora, upenuni mwa duka la Mzee Renatus, fundi cherehani aliyewashonea nusu ya mtaa, ndiyo maana wanamwita Sindano. Duka lenyewe limefungwa tangu mwezi wa pili, kiharusi kilipompitia upande wa kushoto. Benchi ni moja, na sheria zake hazijaandikwa popote: ukifika unasalimia, kikombe unakipokea kwa mkono wa kulia, na ubishi unakwisha kahawa ikiisha. Alasiri hiyo Renatus hakuwa na habari na mtu. Pajani amelaza kidude cha kijivu, ukubwa wa kiganja, chenye geimu mia nne za zamani humo humo ndani, na dole gumba lake la kushoto linasukuma matofali yanayoshuka kwenye kioo. Hospitali walisema vidole vifanyishwe kazi. Binti yake Julieth akamnunulia kidude, kisha akampa sharti kwa simu: afute mistari mia ya matofali kwa mkono huo mmoja, la sivyo anakuja na gari kumhamishia kijijini Lusu, yeye na cherehani yake, akakae kwa shangazi. Siku ya gari ilikuwa leo, saa kumi. Renatus alikwisha kusema kwamba Lusu ataenda kwa harusi na misiba tu.

— Sabini na mbili, alitangaza Ngollo. Huyu ndiye wanayemwita Tiketi, mkaguzi mstaafu wa treni ya Kigoma, na mpaka leo haamini kitu asichokikagua mwenyewe. — Jana saa hizi alikuwa tisini na moja.

— Jana kulikuwa na mawingu, alisema Justus, fundi redio, ambaye kijiwe kizima kilimwita Setilaiti. — Kidude kikipata joto, matofali yanakimbia.

— Acha hizo. Mbona Martha wa maandazi alifuta mia mbili, tena mbele ya jiko?

— Martha alitumia mikono miwili, bwana. Kitu hicho kinajua mikono. Kikiguswa na wa kushoto peke yake kinakuona mgeni, kinakuongezea spidi.

— Kinajuaje?

— Kina kumbukumbu. Geimu mia nne utazihifadhi wapi bila kumbukumbu?

— Mia nne ya wapi? Nimezikagua moja moja. Ziko thelathini na mbili, zilizobaki zimebadilishwa majina. Abiria ni wale wale, wamehama mabehewa tu.

Renatus alikaza macho kwenye kioo. Tofali refu lilishuka, akalipeleka pembeni, likakaa. Sabini na sita. Akilini alikuwa anaiona cherehani yake imefungwa kamba nyuma ya pikapu, na roho ilimuuma kwelikweli. Majidi akamwekea kikombe mkono wa kulia kama kawaida, naye akanywa bila kuinua macho.

— Nisikilizeni, alisema Setilaiti, akasogea mbele ya benchi. — Hapa tulipokaa palikuwa njia ya misafara. Wapagazi walifika hapa na pembe na shehena, miaka na miaka, wote wanatua mizigo. Ardhi hii imezoea vitu kutua. Ndiyo sababu matofali yakiwa Tabora yanashuka haraka. Kipelekeni Dodoma muone.

— Kwa hiyo tuwalaumu wapagazi?

— Silaumu mtu. Naeleza sayansi.

— Basi tukipeleke Ujiji, misafara ilikokuwa inapakia, alisema Tiketi kwa uzito. — Kule matofali yatapanda.

Hata Renatus alicheka, na kicheko hicho kikamponza. Dole liliteleza, matofali yakarundikana, kidude kikaimba kiwimbo chake cha kushindwa. Themanini na nane. Saa kumi kasoro robo.

— Pumzika, fundi, alisema Majidi.

— Nitapumzika nikifika mia.

Akaanza tena. Alikuwa kwenye mstari wa nne baiskeli iliposimama. Kijana mmoja alishuka, kanzu nyeupe ameikunja kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Emilian, nasoma seminari ya Kipalapala. Pindo la kanzu limefumuka, nimeelekezwa kwa fundi Sindano.

Tiketi akamweleza kwamba fundi hayupo kazini, yupo kwenye mistari. Akamweleza sharti, na joto, na kumbukumbu, na wapagazi. Frateri alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

— Nimeelewa. Na mkono huo, ukiacha kidude, unashika nini?

Setilaiti alitazama juu. Renatus mwenyewe aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Tangu mwezi wa pili alikula kwa kulia, akasalimiana kwa kulia, akapokea kahawa kwa kulia, kama alivyolelewa. Hakuna mtu pale ambaye angethubutu kumpa mzee kitu mkono wa kushoto. Na cherehani hakuigusa, alikuwa anangoja kwanza afike mia.

— Majidi, kahawa ipo?

— Kimebaki kikombe kimoja.

— Nipe.

Akakiweka kidude benchini, akanyoosha mkono wa kushoto. Majidi alisimama na birika lake. Miaka ishirini anamimina kahawa, hajawahi.

— Fundi, huo huo?

— Huu huu.

— Bismillahi, alisema Majidi, akaweka.

Vikombe vya kahawa havina mshikio, na kahawa ilikuwa ya moto. Vidole vilijikunja kimoja kimoja, cha nne kikachelewa, nacho kikafika. Kahawa ilitikisika mpaka ukingoni, ikarudi. Renatus akakipeleka mdomoni, akapiga funda. Kwa mara ya kwanza siku hiyo benchi halikuwa na nadharia.

Pikapu ilisimama wakati huo huo. Julieth alishuka, akasalimia wote, kisha akamwona baba yake, na adabu aliyofundishwa na baba huyo huyo ikamtangulia.

— Baba, tangu lini unanywa kwa mkono wa kushoto?

Halafu akasikia mwenyewe alichokisema. Akakaa ncha ya benchi, macho yamemjaa.

— Tangu leo, mama.

Alimaliza kikombe, akamrudishia Majidi kwa mkono ule ule, akatoa ufunguo mfukoni.

— Frateri, lete kanzu. Julieth, njoo unisukumie huu mlango, umekaza.

Wakaingia. Kidude kilibaki kwenye benchi, matofali yakashuka yenyewe mpaka yakajaa, kikaimba. Tiketi hakukagua mistari imefika mingapi.