Maud Entwistle na Gazeti Lisilouzwa

Mchungaji, ndugu, majirani na nyote mliofika na baridi hii, familia inawashukuru, na anayewasomea ni Wilfred, mdogo wake marehemu, mtamvumilia sauti ikimkatika.

Maud Entwistle alizaliwa tarehe 14 Machi 1874 hapa Rochdale, mtoto wa kwanza wa mzee Amos, fundi wa kiwanda cha pamba, na mama Sarah, akasoma shule ya kanisa hadi 1887, kisha akajifunza kupanga herufi za chapa, kazi ambayo wanaume walimwambia wazi kuwa si yake, naye akaifanya zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1916 yeye na Hester Kershaw, mwalimu wa kike, walianzisha gazeti dogo, nakala mia mbili, haliuzwi, linatumwa kwa posta kwa waliojiandikisha tu, likisema uanaume na uanamke ni nguo watu walizovishwa wakiwa wachanga, na humo hakuna aliyeitwa Bwana wala Bibi. Wilfred alilicheka sana. “Sasa nikuite dada au kaka?” alimtania, naye Maud, mkasi mkononi, akajibu, “Niite tu chai ikiwa tayari.”

Marehemu hakuolewa wala hakujaliwa watoto, ndivyo Wilfred alivyozoea kuwaambia watu, ilhali Maud alikaa nyumba moja na Hester tangu tarehe 2 Mei 1908.

Tarehe 30 Januari mwaka huu, 1931, Maud alilazwa hospitali kwa nimonia, na Wilfred ndiye aliyejaza fomu, penye mume akaandika hana, penye jamaa akaandika jina lake peke yake. Hester alipofika, nesi akaisoma ile fomu, akamwambia, “Ndugu tu, mama.” Wilfred alikuwepo, alisikia, akanyamaza, kwa kuwaonea watu haya. Hester akakaa kwenye benchi la nje siku kumi, na kila siku Maud aliuliza, “Hester yuko wapi?” na kila siku Wilfred alijibu, “Atakuja kesho.” Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, Maud alikata roho akiangalia mlango.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika, na wenzake wa kiwanda cha chapa waliobeba jeneza, na nesi halaumiwi, alifuata alichoandikiwa. Hester, Wilfred hathubutu kukuomba msamaha leo, anakuomba utoke huko nyuma uje ukae mbele, maana marehemu ameacha mwenzake wa miaka ishirini na miwili, na mwenzake huyo ni wewe.

Pumzika kwa amani, Maud, Hester alikuwa nje ya mlango tu, siku zote kumi.