Mukopo wa Cadette

Wanangu, niketisheni kidogo, na mufunge mulango ule wa upande wa soko, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na pikipiki za Kasongo. Sikilizeni. Nyumba za kupangisha alizoacha baba si zangu mimi Assumani. Alizitia mikononi mwangu nizilinde kwa ajili ya ukoo mzima, hata wale ambao hawajazaliwa.

Héritier, mwanangu, ulikopa feza ya pango ya nyumba hizo ukanunua pikipiki ya kwenda Salamabila. Cadette, muke wa marehemu ndugu yako Lukumani, naye alikopa akanunua mashini ya kukamua mawese kule Kabambare. Wote wawili mulitia sahihi karatasi ya mukopo. Mutu wa kodi ya serikali alipokuja, akasema ninawagawia faida na kuiita mukopo ili kukwepa kodi, nilimwonyesha karatasi zote mbili, naye hakuzijali, alikuuliza wewe, Héritier, "Utarudisha lini?" Ukacheka: "Ni baba yangu, atanidai namna gani?" Papo hapo akaihesabu feza ile kuwa faida niliyokugawia, na ukoo ukalipa kodi kwa sababu ya kicheko chako.

Kisha akamugeukia Cadette, akamuuliza vilevile. Lukumani alipokufa, ninyi mulimwambia deni limezikwa naye. Yeye akaendelea kuleta sehemu yake kila mwisho wa mwezi, na mashini ilipoharibika, akauza cherehani ya harusi yake kuliko kuvunja siku ya kulipa tuliyoagana. Majirani wakashuhudia. Mutu wa kodi akavua kofia: "Mama, mukopo ndio huu." Nimezaa wanaume wanne, lakini siku ile nilijivunia mutoto wa watu.

Kwa hiyo nikifa, nyumba zile atazilinda Cadette. Asifukuzwe, wala asiambiwe si damu yetu. Cadette, ukimukopesha mutu, hata akiwa mutoto wako wa kuzaa, agana naye siku ya kurudisha, na siku ikifika umudai. Nawe Héritier, usiniombe nikusamehe deni. Ningelisamehe zamani, kama lingekuwa langu.

Maji... Asante. Munizike kando ya mama yenu, bila karamu. Mungu awaweke pamoja, awape chakula cha jasho lenu, na usingizi... usingizi usio na hofu. Amina.

Héritier, sogea. Hapana, toa mukono mufukoni, sikuiti kwa ajili ya deni. Nipe mukono... nipe tu, niushike.