Mwalimu Ferdinand na Matowashi wa China

Ndugu waombolezaji, marehemu Ferdinand Laurean alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Kamachumu, Muleba, akasoma hapo shule ya msingi, kisha sekondari ya Ihungo, na mwaka 1984 akapelekwa Beijing kusomea reli, akarudi na historia.

Huko ndiko alikowakuta matowashi, wanaume waliohasiwa ili watumikie ndani ya kasri la mfalme, na hakuwaacha tena. Alifundisha kwamba hawakuwa watandika vitanda tu, bali waliongoza makachero na hata majeshi, na mfalme alipochoka kusoma maandishi ya mawaziri, wao walimwandikia majibu kwa wino mwekundu, wino wa mfalme mwenyewe, nchi nzima ikatii.

Alifunga ndoa na Leokadia tarehe 4 Julai 1992, Bukoba, wakahamia Maryland, Marekani, mwaka 1997, akapata uzamivu mwaka 2004, akawa anafundisha vyuoni, College Park asubuhi na Herndon jioni, kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja, hadi nguvu zilipomwishia.

Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 2009, kwenye sherehe kule Springfield, rafiki yake Kuria alisema mbele ya watu kwamba kitabu cha matowashi anachoandika Mwalimu ni habari zake mwenyewe, watu wakacheka, naye akachukua koti, akamwambia mkewe, “Twende nyumbani, nimechoka,” na kwa miaka mitatu hakuonekana kwenye mikusanyiko, wala hakuandika neno.

Leokadia, akitoka zamu ya uuguzi, miguu imemvimba, ndiye aliyemuuliza, “Hao watu wako, nao walichekwa?” Akajibu kwamba walichekwa sana, na habari zao ziliandikwa na wasomi waliowachukia. “Basi andika wewe,” akasema mkewe, akaenda kulala. Kitabu kilitoka mwaka 2016.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Kuria alikuja mwenyewe mlangoni kuomba radhi, akapewa chai, na tangu siku hiyo ndiye aliyempeleka kusafishwa damu, wakibishana mpira njia nzima. Mwalimu aliaga dunia nyumbani kwake Hyattsville, tarehe 9 Februari mwaka huu wa 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliofagia theluji, walimu wenzake, na Kuria. Leokadia ameomba tusiseme kwamba Mwalimu alipigana na ugonjwa hadi mwisho, kwa sababu hakupigana, alikuwa amechoka, na yeye mkewe alimruhusu aende.

Pumzika sasa, Mwalimu, pumzika kwa amani.